Folda Isiyo na Jina

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na tisa, lakini mgongo wangu una sitini na macho yangu yanakaribia hapo. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, amepangiwa kazi katika kituo cha afya huko Wamaza, upande wa Kabambare, na mimi namfuata pamoja na mizigo mingine. Wamaza hakuna sekretaria. Kuna mihogo. Kwa hiyo kazi yangu ya kuchapa barua za watu katika sekretaria hii ya Kasongo imekwisha, na ninyi wawili, Furaha na Amisi, mnabaki na meza, mashine na lile sanduku la bati. Naandika kwa sababu nimejaribu kuwaeleza kwa mdomo mara nne, na mara zote nne nilijikuta najitetea.

Mambo ya vyeo nayaruka. Nilianza kama msaidizi nikamaliza kama mkuu wa huduma. Huduma yenyewe ilikuwa mimi na imprimante, yaani printa, na imprimante haikuwahi kunitii. Mishahara nayo naiacha, kama yenyewe ilivyokuwa ikituacha sisi.

Siku ya kwanza nilimkuta Papa Assani, mwenye sekretaria, amekaa nyuma ya mashine ya kuchapa ya chuma. Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua kama mgonjwa.

"Kazi ya ordinatere ulisoma wapi?" akaniuliza.

"Nilijifundisha peke yangu, Papa."

"Aa. Basi mwalimu hajui kitu, na mwanafunzi hajui kitu. Mutapatana. Ingia."

Nilijifundisha kweli. Nilikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, na hofu. Hofu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilikuwa nikichapa barua ya ukurasa mmoja naisoma mara saba, kisha naota nimeacha nukta. Bado niko hivyo, msifikiri kustaafu kumeniponya.

Papa Assani alinifundisha kukata karatasi bila kupinda, na kumfanya mteja asome barua yake kwa sauti kabla haijatoka. Lakini sheria aliyoirudia kuliko sala ilikuwa moja: kazi ya mutu haitoki humu bila kuacha dubo. Kila barua aliyoipiga kwenye mashine aliwekea karatasi ya kaboni, na nakala ya pili ikaingia katika sanduku la bati chini ya meza. Barua za kuomba kazi, mashtaka ya mbuzi, ahadi za ndoa zilizovunjika. Watu walirudi baada ya miaka kuuliza, "Papa Assani, ile barua yangu bado iko?" Naye anainama, anakohoa vumbi, anaitoa.

Mimi nililichukia lile sanduku. Lilikuwa na mende, lilikuwa na harufu, na halikuwa na mpangilio wa alfabeti. Macho ya Papa Assani yalipoanza kuchoka akanipa ufunguo na kuhamia kwenye kiti cha mlangoni, kazi yake ikawa kusalimia wapita njia na kunicheka. Wiki hiyo hiyo nilifuta desturi ya dubo.

"Ordinatere iko na kumbukumbu, Papa," nilimwambia.

"Kumbukumbu yake iko fasi gani? Unionyeshe."

"Haionekani. Iko ndani."

"Ya kwangu inaonekana," akasema, akanyoosha kidole kwenye sanduku.

Utawala wangu ulikuwa msafi kupita kiasi, na mnajua ninasema nini, kwa sababu nimewafanya mpanguse vibonyezo vya clavier kwa pamba. Kilichonisumbua zaidi ni flashi za wateja. Wakati huo mashine yetu ilikuwa na Windows iliyonakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu, na virusi viliingia na kutoka mle kama watu sokoni. Kulikuwa na kirusi kimoja kilichogeuza kila faili ndani ya flashi kuwa njia ya mkato. Ukiibonyeza, unaambukizwa. Nilikuwa na chombo cha kuua virusi. Nikikiendesha, zile njia za mkato zinafutika zote, na flashi inabaki tupu, nyeupe, haina kitu.

Mimi, mtaalamu niliyefundishwa na mimi, nikahitimisha kwamba kirusi kimekula mafaili. Nilimgeukia mteja kwa uso wa daktari na kumwambia, "Pole sana, flashi iko vide." Kisha, kwa kuwa sikuweza kumrudishia mtu flashi chafu, niliifomate, nikaifuta yote ianze upya. Bure! Zawadi ya nyumba. Na kwa kuwa kazi isiyoandikwa si kazi, nilifungua kaye, daftari lenye mistari niliyoipiga kwa rula: jina la mteja, anapotoka, hali ya flashi. Hali ya flashi ilikuwa neno moja kuanzia juu hadi chini: vide, vide, vide. Mwandiko mzuri sana. Mtauona, nimewaachia.

Mmoja wa walioandikwa humo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Wamaza, mtu mwembamba mwenye koti la kijivu. Alifika kwa pikipiki wakati wa mvua, tope mpaka magotini, flashi imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Alitaka tumchapishie kitabu. Miaka mitatu alikuwa anazunguka kwa wazee akiandika mipaka ya mashamba: la nani linaishia wapi, nani alimpa nani, kwa sababu watu walikuwa wamerudi kutoka ukimbizini na kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake. Aliandika kwa mkono, akachapa kwenye kompyuta ya parokia moja kwa moja ndani ya flashi, akachoma makaratasi kwa kuwa mchwa walishayaanza. Chifu alikuwa anakingojea hicho kitabu.

Niliendesha chombo changu. Nikamgeukia.

"Pole sana, Mwalimu. Flashi iko vide."

"Vide namna gani? Nilitia ndani mimi mwenyewe."

"Virusi, Mwalimu. Vimekula."

"Vimekula mashamba?"

Sikucheka, nilikuwa mtu wa kazi. Niliifomate mbele ya macho yake na kumwambia kwamba nimemsaidia, lakini asiiamini tena, imeshachoka. Alisema asante. Hilo ndilo linalonirudia mara nyingi kuliko yote: alisema asante.

Mwaka uliofuata mashine yenyewe ikafa. Asubuhi moja iliwaka, ikaonyesha mstari mmoja mweupe, ikazima, na Windows yake haikuzungumza tena. Ilikuwa msimu wa mitihani, foleni imefika kwenye duka la vyerehani. Fundi mmoja aliyekuwa amekuja mjini kufunga antena akanionea huruma. Alitoa flashi mfukoni akasema, "Weka hii. Inaitwa Linux. Haina virusi, haina leseni, haina shida." Kati ya hayo matatu alisema kweli mawili.

Jambo la kwanza, Linux iliniuliza clavier yangu ni ya lugha gani. Mimi ambaye huwa nasoma kila kitu mara saba, siku hiyo, kwa ajili ya foleni, sikusoma. Nilibonyeza ndiyo. Ikachukua clavier ya Kiingereza, wakati vibonyezo vyetu ni vya Kifaransa, na kwa siku mbili Kasongo ikawa Kqsongo na Kabambare ikawa Kqbq;bqre. Padri mmoja aliisoma barua yake kwa sauti, kama sheria ya nyumba inavyotaka, na kilichotoka mdomoni mwake hakikuwa Kilatini.

Kisha ikataka neno la siri. Niliandika, hakuna kilichoonekana, hata vile vidoti vya kawaida. Nikafikiri nayo imekufa. Nikaandika tena. Nilirudia asubuhi nzima, kumbe ilikuwa inaandika kimya kimya, inakataa kujionyesha tu. Nilitafuta diski C nusu siku kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma katika nyumba ya mwingine. Haipo. Kila kitu kinaanzia kwenye mstari mmoja ulioinama, na humo ndani kuna mafolda yenye majina mafupi ambayo ukiuliza ni ya nini unaambiwa usiyaguse. Aina za herufi tulizozoea hazikuwamo. Mpya zilikuwa pana kidogo, na mfano wetu wa tangazo la msiba, uliokaa ukurasa mmoja kwa miaka, ukamwaga jina la marehemu ukurasa wa pili. Imprimante, iliyokuwa ikinidharau mimi peke yangu, sasa ilitudharau sote wawili, mimi na Linux.

"Nyumba mupya," alisema Papa Assani kutoka mlangoni. "Unatafuta choo."

Nilianza kaye nyingine, ya makosa yangu. Hiyo siwaachii.

Siku ya tano akaja karani wa shule moja ya Lusangi na flashi yenye majina ya watahiniwa. Nikaichomeka. Nilikuwa nimeshamgeukia na uso wangu wa daktari, neno "pole" liko tayari kwenye ulimi, kwa kuwa niliona zile njia za mkato za kirusi zimejipanga. Lakini chini yake kulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye Windows ya zamani: folda isiyo na jina. Picha ya folda tu, chini yake pametulia. Nikaifungua. Majina ya watahiniwa yalikuwa mle. Barua zake zilikuwa mle. Picha za ubatizo wa mwanawe zilikuwa mle. Hata kirusi chenyewe kilikuwa mle, kimelala pembeni, hakina nguvu, kama nyoka aliyekanyagwa na lori.

Kirusi hakikuwa kinakula chochote. Kilikuwa kinaficha. Kilisukuma kila kitu ndani ya folda isiyo na jina na kuiambia Windows isiionyeshe, na Windows ikatii. Linux haikuelewa hiyo amri, basi ikaonyesha. Mafaili yote ya watu yalikuwepo siku zote, mpaka pale nilipokuja mimi kusafisha.

Nilikaa chini. Nilikuwa tayari nimekaa, nikakaa zaidi. Karani akaniuliza kama naumwa. Nilimchapishia majina yake, akaenda, nikafungua ile kaye ya rula. Vide, vide, vide, kurasa kumi na moja.

"Papa," nilisema mlangoni, "zile flashi hazikuwa vide."

"Gani?"

"Zote."

Papa Assani alivua kofia, akaitazama, akaivaa.

"Kumbe miaka hii yote ulikuwa unazika watu wakingali wazima."

"Sikujua, Papa."

"Najua kama hukujua. Lakini kaburi ulichimba muzuri. Mistari imenyooka kabisa."

Sikula siku hiyo. Nilisoma kila nilichoweza kupata, na nikajifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kugusa flashi ya kwanza: kufomate kule kwa haraka kunafuta orodha tu, hakufuti vitu. Mradi hakuna aliyeandika kitu kingine juu yake, kuna chombo kwenye Linux kinachoweza kupita humo pole pole na kukusanya vilivyobaki. Nilianza kuwatafuta watu wa kaye mmoja mmoja. Walio mjini wote walikuwa wameshajaza flashi zao nyimbo za kanisa na video za harusi. Mmoja alinijibu kwamba alishapiga moyo konde na nimwache. Akabaki yule mwalimu, ambaye nilimwambia asiiamini tena flashi yake.

Nilikwenda Wamaza na kompyuta ya mkononi ya kuazima kifuani, nimeshaitilia Linux, nyuma ya motari, dereva wa pikipiki, aliyeimba njia nzima. Mimi nilikuwa naandaa maungamo. Yalikuwa na utangulizi, sehemu tatu na hitimisho. Kijijini nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anatwanga mihogo nyumba ya mwalimu fulani mwembamba iko wapi.

"Mwalimu gani? Mwalimu Kuku?" Akacheka mpaka akauacha mchi.

Ndivyo nilivyojua. Kila mzee aliyemwendea kumwandikia mpaka alimchinjia kuku, ndivyo mgeni wa namna hiyo anavyopokewa. Aliporudi kutoka Kasongo mikono mitupu, akasimama mbele ya chifu akasema mashine imekula kitabu, watu walisema hakukuwa na kitabu kamwe. Kulikuwa na mtu aliyependa kuku. Jina likabaki, hata watoto wa darasa lake walimwita hivyo akigeukia ubao.

Alikuwa barazani akisahihisha madaftari.

"Mwalimu, ni mimi," nilisema. Utangulizi wote ulikuwa umenipotea.

"Weye nani?"

"Wa flashi."

Alinitazama bila haraka. "Umekuja tena kuniambia iko vide? Ile nilisikia."

Nilimwambia. Nilisema kwa mpangilio mbaya kabisa, nikaanza na Linux, nikarudi kwenye folda, nikarukia kuomba msamaha, nikarudi tena kwenye folda. Aliponielewa, aliingia ndani. Nilifikiri ameenda kuchukua fimbo, na nilikuwa nimeshakubali. Akarudi na ile flashi. Ilikuwa bado ndani ya mifuko yake miwili, imening'inia kwenye msumari wa kalenda ya kanisa tangu siku ile.

"Uliitunza kwa nini?" nikamuuliza. "Nilikuambia haina kitu."

"Mutu akikuambia begi yako haina kitu, na weye ulifunga mwenyewe, unatupa begi?"

Nikanyoosha mkono. Hakuniachia.

"Mara hii utafanya nini kwanza?"

"Dubo," nilisema. "Kabla ya kugusa kitu chochote. Nakala yake nzima, na uchafu wake wote."

Akaiachia. Nilinakili flashi nzima, kisha nikaacha chombo kifanye kazi juu ya nakala. Betri ilikuwa chini ya nusu na nilipunguza mwanga wa kioo mpaka tukawa tunakodoa macho sote wawili. Mafaili yakaanza kutoka bila majina, namba tu. La kwanza lilikuwa viboksi vitupu badala ya herufi. La pili, viboksi. La tatu lilifunguka. Akalisoma kwa sauti:

"Mimi Mama Kisubi nasema, shamba letu linaanzia kwenye michikichi miwili, na ule wa tatu ni wa shemeji, asidanganye."

"Ni yeye," akasema. "Asidanganye. Nilitaka kuitoa hiyo, akakataa." Mama Kisubi alikuwa ameshafariki.

Siku iliyofuata alinipeleka kwa chifu. Watu walikuwa wamejaa, kwa kuwa habari Wamaza haihitaji antena. Mwalimu alisimama akasema maneno machache: "Kuku nilikula, hiyo ni kweli, na zilikuwa nzuri. Lakini niliandika. Huyu atawaambia nani alifuta." Akakaa.

Nilisimama. Sehemu zangu tatu hazikuja.

"Ni mimi nilifuta," nilisema.

"Juu ya nini?" akauliza mtu wa nyuma.

"Ilikuwa chafu."

Wakacheka, na kicheko hicho ningekibeba, nilikistahili. Lakini mama mmoja mzee hakucheka. Anaitwa Mama Feza. Baba yake alikuwa mmoja wa wazee walioandikwa, naye pia hayupo. Faili lake tulilipata, lakini nusu. Linasema shamba linafuata kijito mpaka kwenye jiwe jeupe, na kutoka kwenye jiwe mpaka, halafu viboksi. Nilijaribu kila njia. Viboksi.

"Na shamba ya baba yangu," aliniuliza Mama Feza, "nayo ilikuwa chafu?"

Majirani zake bado wanabishana naye kutoka kwenye lile jiwe. Mwalimu wanamwita Mwalimu tena. Jina la Kuku limebaki kwa wachache wanaompenda. Mimi walinipa langu, Bwana Safi, na motari aliyenirudisha Kasongo alilitangaza kila kituo.

Sasa mnaelewa kwa nini mke wangu alipotaja Wamaza nilikaa zaidi, kwa mara ya pili. Naenda kuishi kati ya watu wanaonijua kwa jina hilo. Nyumba tuliyopewa iko karibu na kijito, na Mama Feza tutakuwa tunachota naye maji mahali pamoja. Mwalimu ananisubiri. Kuna wazee wawili waliolima na baba yake Mama Feza, wanakumbuka kitu fulani baada ya lile jiwe, na tutawaendea na kalamu na karatasi ya kaboni niliyomwomba Papa Assani. Alinipa boksi zima. Aliuliza tu kama nataka na mende.

Kuhusu mashine: iacheni na Linux yake. Clavier ni ya Kifaransa, nimebandika karatasi. Neno la siri haliandiki hata doti, msiogope, linasikia. Flashi ya mteja msiiguse kabla hamjaitengenezea dubo, hata akiwa na haraka, hata foleni ikifika kwenye vyerehani. Na neno vide sitaki litamkwe humo ndani.

Katika sanduku la bati, juu ya makaratasi ya Papa Assani, mtakuta flashi ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Ni dubo ya Wamaza. Ina vumbi, ina kirusi, ina mafaili mengi ya viboksi ambayo huenda siku moja mtu mwenye akili kuliko yangu atayasoma. Mkilifungua sanduku mtataka kuipangusa, kwa maana ni mimi niliyewafundisha. Msiisafishe.